UZI: Kuchagua na kutumia lenzi za kamera kubwa ya mivukuto, kwa tulio Dodoma na kanda ya kati

#1. Mwanzisha uzi, Dodoma Mjini

Mbukwenyi, ndugu zangu. Kwa muda sasa vijana wanaonitembelea studio hapa mjini, na wengine wanaoniandikia kutoka Singida, Kondoa na Kongwa, wamekuwa wakiniuliza swali moja kuhusu kamera kubwa, yaani ile kamera ya mivukuto (mfuko wa mikunjo unaounganisha lenzi na filamu) inayotumia bapa moja la filamu kwa kila picha, bapa lenye inchi 4 kwa 5. Swali lenyewe ni hili: "Ninunue lenzi ya kampuni gani?" Nimeona niandike jibu mara moja hapa, ambapo wenye uzoefu wanaweza kunisahihisha.

Jina la kampuni mimi huliweka mwisho kabisa. Schneider na Rodenstock za Ujerumani, pamoja na Nikon na Fuji za Japani, ndizo zilizotengeneza nyingi kati ya lenzi za kisasa za kamera hizi, na zote zilifanya kazi ya kuheshimika. Mtu akikuwekea mezani picha nne zilizopigwa kwa f/22 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linakuwa dogo) kwa lenzi zao zenye urefu wa fokasi wa milimita 150 zilizotunzwa vizuri, sidhani kama utaweza kuapa kwamba hii ni ya nani na ile ni ya nani. Kwa mnunuzi wa mtumba, yenye uzito ni mambo mawili: upana wa duara la taswira na afya ya shata, yaani kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga.

Nianze na duara, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi, na mimi liliniponza. Lenzi haijui kwamba filamu yako ina pembe nne. Yenyewe hutupa nyuma mwanga wa mviringo, kama kurunzi inavyomulika ukuta, na filamu huchukua kipande tu cha mviringo huo. Bapa la inchi 4 kwa 5, ukitoa kingo zinazoshikwa na kaseti, hubaki na eneo la takriban milimita 96 kwa 120, ambalo kutoka pembe hadi pembe lina milimita 154. Kwa hiyo lenzi yenye duara la milimita 154 inaifunika filamu hiyo barabara, lakini haikuachii nafasi ya kuisogeza hata kidogo. Na mtu habebi mzigo huu wote kupanda nao mlimani, pamoja na stendi ya miguu mitatu na kaseti zake, ila kwa sababu anataka kuinua, kushusha, kugeuza na kuinamisha lenzi, mambo ambayo kamera ndogo haimruhusu.

Miaka kadhaa iliyopita niliagiza lenzi ya zamani ya milimita 90, ndogo kama kikombe cha kahawa, na kioo chake kilikuwa safi kama maji ya kisima. Muuzaji aliandika kwamba inafunika inchi 4 kwa 5, na hakusema uongo. Nilikwenda nayo Msikiti wa Gaddafi asubuhi, nikaomba ruhusa, nikasimamisha kamera na kuiweka sawa kwa pimamaji ili mgongo wake uwe wima kabisa, kwani kamera ikitazama juu, kuta na minara huonekana kama vinaanguka nyuma. Kisha niliinua lenzi taratibu, kadiri ya milimita 25, mpaka ncha ya mnara ikaingia kwenye kioo cha kulengea kilicho nyuma ya kamera. Chini ya kaniki, kitambaa cheusi ninachojifunika ili nione kioo, niliona pembe zina giza, nikajisemea kwamba ndivyo lenzi pana zilivyo. Nilipoisafisha filamu na kuchapa picha, pembe mbili za juu, pale ambapo palipaswa kuwa na anga jeupe la Septemba, zilikuwa zimeliwa na upinde mweusi. Nilirudi mara mbili nikidhani nimekosea kufunga kitu fulani, na mabapa manne yalipotea kabla sijaelewa kwamba lenzi ilikuwa imetoa kila ilichokuwa nacho.

Sasa hesabu, ambayo ningependa kila anayetaka kununua aifanye kwa kalamu. Chukua lenzi ya kawaida ya milimita 150 yenye duara la milimita 210, ambalo ni kipimo cha Symmar-S ya Schneider na cha Nikkor-W ya Nikon. Nusu ya duara ni 105. Filamu ikiwa imesimama wima, nusu ya upana wake ni 48. Zidisha 105 kwa 105, toa 48 mara 48, tafuta kipeuo cha pili cha kinachobaki, utapata 93; toa nusu ya urefu wa filamu, yaani 60, na jibu ni milimita 33 za kuinua. Ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa duara la 154, utapata sifuri na ushei. Lenzi pana ya milimita 90 inayofaa majengo, kama Super-Angulon ya f/8, ina duara la 216 na inakuruhusu kuinua karibu milimita 37. Vipimo hivi hutolewa kwa f/22 na kwa kitu kilicho mbali. Ukipiga kitu cha karibu, mivukuto hurefuka na duara nalo hupanuka.

Kuna njia ya kukagua bila hesabu. Vioo vingi vya kulengea vimekatwa pembe zake nne, na watu wengi hudhani ni urembo au ni vya kuvunjika. Fungua shata, weka tundu la lenzi kwenye f/22, halafu weka jicho kwenye pembe iliyokatwa na uitazame lenzi kwa ndani. Ukiliona tundu ni la mviringo kamili, pembe hiyo imefunikwa. Ukiliona limebanwa kama jicho la paka, uko ukingoni. Usipoliona kabisa, bapa lako litatoka kama yale yangu manne.

Duara kubwa nalo lina gharama yake, ijapokuwa hutajwa mara chache. Mwanga wote usioangukia filamu hugonga mikunjo ya mivukuto na sehemu yake hurudi kwenye filamu, na picha ikapauka. Katika ardhi yetu hii ya mchanga mweupe, jua la saa sita mchana likiwaka, jambo hili linaonekana wazi. Mimi hushikilia kipande cha kadi nyeusi juu ya lenzi nikihakikisha kivuli chake kinaifunika lenzi bila kuingia kwenye picha, na sijawahi kujuta kukibeba.

Kuhusu urefu wa fokasi, ushauri wangu ni milimita 150 kwa lenzi ya kwanza, na ukae nayo mwaka mzima. Iko karibu sana na ule mshazari wa filamu wa milimita 154, na kwa mtu aliyezoea kamera ya milimita 35, inatazama kama lenzi ya milimita 42 hivi. Karibu zote zimefungwa kwenye shata ndogo ya namba 0, ni nyepesi, na hazihitaji mivukuto mirefu. Milimita 90 hutaka mivukuto laini ya mfuko, kwani ile ya kawaida ikibanwa sana hukakamaa na lenzi haisogei hata kama duara linaruhusu.

#2. Mchangiaji, Singida Mjini

Shikamoo, mwalimu. Nimeusoma uzi huu mara mbili na nimeshapima kioo changu, kumbe pembe zake zimekatwa kweli. Mimi nimerithi kamera kutoka kwa marehemu babu yangu aliyekuwa na studio, nayo ina lenzi moja tu ya Schneider iliyoandikwa Symmar, yenye maandishi mawili: 5.6/150 na 12/265. Kwenye shata kuna mizani miwili ya tundu, mmoja mweupe na mwingine wa kijani. Nimeuliza watu na kila mmoja ameniambia lake. Je, hii ni lenzi moja au ni mbili? Na je, inafaa, au nitafute nyingine? Naomba pia kujua namna ya kutambua kama shata imechoka, maana mlio wake kwenye kasi za chini unanitia wasiwasi.

#3. Mwanzisha uzi, Dodoma Mjini

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu babu yako, kwani amekuachia kitu cha thamani. Hiyo ni lenzi moja inayoweza kuwa mbili. Symmar za zamani zilitengenezwa hivyo makusudi: ikiwa nzima ni milimita 150 yenye f/5.6, na ukifungua kundi la vioo la mbele na kuliweka kando, kundi la nyuma peke yake linakuwa lenzi ya milimita 265 yenye f/12. Mizani mweupe ni wa lenzi nzima na wa kijani ni wa nusu.

Tumia nzima kwa kazi zako zote za kawaida, na usitafute nyingine kwa sasa. Nusu yake itumie pale tu unapohitaji kukisogeza kitu cha mbali, kama yale mawe makubwa ya ng'ambo ya Ziwa Singidani, na uzingatie mambo matatu. Kwanza, hakikisha mivukuto yako inafika mbali, kwani nusu hiyo inahitaji zaidi ya milimita 265 hata kwa kitu kilicho mbali. Pili, funga tundu hadi f/32 au dogo zaidi ya hapo ndipo ukamilishe kufokasi, maana ukifokasi kwa f/12 na kisha ukafunga, mahali penye ukali husogea. Tatu, weka kichujio cha njano, kwa sababu nusu ya lenzi hairekebishi rangi zote sawasawa, na kichujio hukata ile bluu inayotia ukungu kwenye kingo.

Kuhusu shata, usimruhusu mtu yeyote kutia mafuta ndani yake. Nasema haya kwa uchungu. Fundi mmoja niliyempelekea shata yangu alitia tone la mafuta ya cherehani, nayo ikafanya kazi vizuri kwa juma moja. Kisha mafuta yakatambaa hadi kwenye majani membamba ya chuma yanayofungua na kufunga, yakagandana, na siku moja yalikataa kufunguka nikiwa juu ya Mlima wa Simba na jua linazama. Shata hizi zimekusudiwa kufanya kazi zikiwa karibu kavu. Anayefaa kuifungua ni fundi saa mwenye subira, ambaye ataisafisha na kuirudisha bila kuilowesha.

Njia ya kuipima ni rahisi. Simu nyingi za sasa zinaweza kurekodi video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde. Elekeza lenzi dirishani, rekodi kutoka nyuma huku ukifyatua kila kasi, kisha hesabu ni picha ngapi zinaonyesha mwanga. Kasi ya 1/30 inapaswa kuonyesha picha 8, na kasi ya 1/15 picha 16. Kwa kasi za juu sana njia hii haitoshi, lakini kwa kamera kubwa kasi hizo tunazitumia mara chache. Andika matokeo yako na utuletee hapa.

#4. Mchangiaji, Kongwa

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa hesabu ya duara, na mimi kama mwalimu wa fizikia nimefurahi kuona kanuni ya Pythagoras ikitumika nje ya ubao. Naomba kuongeza kuhusu kuinamisha lenzi, kwa kuwa wengi hukisia tu, wakainamisha mno, na picha nzima ikavurugika.

Jambo hili linahusishwa na Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria aliyepata hataza Uingereza mwaka 1904 alipokuwa akitafuta namna ya kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani. Kwa ufupi, filamu na lenzi vikiwa sambamba, eneo lenye ukali nalo husimama sambamba navyo, kama ukuta. Ukiinamisha lenzi mbele, ukuta huo hulala, na unaweza kuulaza hadi ukafuata ardhi yenyewe.

Kiasi cha kuinamisha hakibahatishwi. Pima kimo cha lenzi kutoka ardhini, kisha gawanya urefu wa fokasi kwa kimo hicho. Jibu ni saini (sine ya hisabati) ya pembe unayoitaka. Lenzi ya milimita 150 iliyo mita 1.5 juu ya ardhi inatoa 0.1, ambayo ni pembe ya nyuzi 5.7, yaani karibu 6. Ya milimita 90 kwa kimo hicho hicho inataka nyuzi 3 na nusu hivi, na ya 210 inataka 8. Nilijaribu mwezi uliopita kwenye shamba la zabibu kule Hombolo. Niliinamisha nyuzi 6, nikafokasi kwa kusogeza kioo cha nyuma, na kwa f/22 udongo uliokuwa karibu na miguu ya stendi pamoja na mwisho wa mstari wa mizabibu vyote vilitoka vikali.

Kosa nililolifanya ni kusahau kwamba eneo la ukali sasa limelala na linapanuka kama kabari kadiri linavyokwenda mbali. Vichwa vya nguzo za karibu, ambavyo vilikuwa juu ya kabari hiyo, vilififia. Mara ya pili niliipitisha fokasi katikati ya kimo cha nguzo badala ya ardhini, nikafunga hadi f/32, na mambo yakakaa sawa.

#5. Mchangiaji, Dodoma (Area C)

Wakuu, kwa heshima zote napingana na mzee wetu kuhusu milimita 150. Kazi yangu ni picha za watu: wazee, maharusi, na viongozi wa dini wakiwa na mavazi yao. Kwa 150 lazima nimsogelee mtu hadi pua yake inavimba na masikio yanarudi nyuma. Milimita 210 ndiyo lenzi yangu ya kwanza na huenda ikawa ya mwisho. Duara lake, kwa zile za f/5.6, linakaribia milimita 294, kwa hiyo hata nikiinua namna gani sifiki ukingoni. Mtu akiwa mita 1.5 mbele yangu, mivukuto inafika milimita 244 tu, jambo ambalo kamera nyingi zinaliweza.

#6. Mwanzisha uzi, Dodoma Mjini

Ndugu yangu wa Area C, kwa picha za watu nakubaliana nawe bila kinyongo. Anayejua kwamba kazi yake ni nyuso, aanze na 210. Ninachokumbusha tu ni kwamba nyingi kati ya hizo hukaa kwenye shata ya namba 1, yenye tundu la milimita 41.6 kwenye ubao, wakati namba 0 ina 34.6 na namba 3 ina 65. Usimpe seremala ubao akutoboe kabla hujapima. Mimi ubao wangu wa sasa nimetengenezewa kwa mninga mwembamba, umepakwa rangi nyeusi isiyong'aa upande wa ndani, na umedumu kuliko ule wa plastiki niliokuwa nao.

#7. Mchangiaji, Kondoa

Habari za jioni, kaka zangu. Mimi hupiga picha za michoro ya mapangoni upande wa Kolo, kwa kibali. Nina lenzi ya milimita 150 yenye f/5.6 na ninapata matatizo mawili. Picha zangu za karibu hutoka na giza hata nikipima mwanga kwa uangalifu, na michoro myekundu, ambayo kwa macho inaonekana vizuri, kwenye filamu nyeusi na nyeupe inazama ndani ya jiwe kana kwamba haipo. Niliambiwa niweke kichujio chekundu ili nyekundu ijitokeze, na ndipo ilipotoweka kabisa. Je, ninunue lenzi nyingine?

#8. Mwanzisha uzi, Dodoma Mjini

Dada yangu, karibu sana, na nakupongeza kwa kazi hiyo. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mingi kwa mkono mwaka 1951, lakini kwa jicho langu hakuna kinachoonyesha uso wa jiwe lenyewe, pamoja na nyufa na maganda yake, kama bapa kubwa la filamu.

Tatizo lako la kwanza ni la mivukuto. Namba ya f iliyoandikwa kwenye lenzi ni sahihi kwa kitu cha mbali. Ukisogea karibu unairefusha mivukuto, na mwanga ule ule unatawanyika kwenye duara pana zaidi. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima kutoka kwenye ubao wa lenzi hadi kwenye kioo, gawanya kwa urefu wa fokasi, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Ukiwa sentimita 60 kutoka jiweni kwa lenzi yako ya 150, mivukuto itasoma milimita 200. 200 kwa 150 ni 1.33, na ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1.78. Kama kipima mwanga kimesema sekunde 4, wewe unahitaji zaidi ya 7. Halafu filamu yenyewe huchoka katika muda mrefu. Kwa filamu ya FP4 Plus, watengenezaji wake Ilford wanasema muda uliopimwa upandishwe kwa kipeo cha 1.26, hivyo sekunde 7 zinakuwa karibu 12. Wewe ulikuwa unatoa 4, na ndiyo sababu ya giza.

La pili ni la rangi. Kichujio hupitisha mwanga wa rangi yake na kuifanya rangi hiyo iwe nyeupe zaidi kwenye picha. Ukitaka michoro myekundu iwe myeusi juu ya jiwe la kijivu, weka kichujio cha kijani. Njia nyingine ni kutumia filamu isiyouona mwanga mwekundu kabisa, na hapa kuna siri ambayo wapigaji wengi wa kamera kubwa wanaijua: filamu ya eksirei. Ile inayohisi kijani haioni nyekundu, hukatwa na kusafishwa chini ya taa nyekundu hafifu, na ni nafuu mno ikilinganishwa na filamu ya kawaida. Mimi huihesabu kama ISO 80 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga). Iguse kwa uangalifu, kwa sababu nyingi zina utando wa kemikali pande zote mbili na hukwaruzika kwa ukucha tu. Na tafadhali, ukimwona mtu akimwagia michoro maji ili ing'ae, mzuie. Maji hayo huharibu kile tulichokuja kukitunza.

Kuhusu lenzi nyingine, huihitaji kwa haraka. Zipo lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya kunakili vitu bapa katika uchapaji, kama G-Claron na Apo-Ronar, ambazo hupenda umbali mfupi na huweka ukali sawa hadi pembeni. Lakini zinaanzia f/9, na kioo chako kitapata mwanga pungufu ya nusu ya unaoupata sasa kwa f/5.6. Chini ya mwamba uliojiinamia, jicho lako litataabika kufokasi. Mimi ningebaki na uliyonayo, nifunge hadi f/22, na nihakikishe mgongo wa kamera uko sambamba na uso wa jiwe. Weka kioo kidogo cha kujitazamia kikiwa bapa juu ya mwamba pembeni mwa mchoro, bila kuugusa mchoro wenyewe, na usogeze na kugeuza kamera mpaka uione lenzi yako ndani ya kioo hicho, ikiwa katikati kabisa ya kioo cha kulengea. Hapo uko sambamba.

#9. Mchangiaji, Kondoa

Nimekwenda jana na tepu na kichujio cha kijani. Bapa la kwanza nimelitoa usiku huu kwenye dawa, na twiga mwenye shingo ndefu, ambaye kwa miezi minne nilikuwa simpati, ameonekana hadi kwato. Ahsante sana, kaka.

#10. Mchangiaji, Singida Mjini

Mwalimu, nimepima kama ulivyoelekeza. Kasi ya 1/60 imetoa picha 5 badala ya 4. Kasi ya 1/30 imetoa 14 badala ya 8. Kasi ya 1/15 imetoa 27, na ya sekunde moja imekwama katikati hadi nikaigusa kwa kidole. Nimeirudia kila moja mara tano, na kuanzia 1/60 hadi 1/15 majibu hayakubadilika. Je, niache kuitumia hadi nipate fundi? Huku mibuyu imepukutisha majani na sitaki kuukosa msimu.

#11. Mwanzisha uzi, Dodoma Mjini

Mwanangu, umefanya kazi nzuri kuirudia mara tano, kwa sababu shata inayokosea kila mara kwa kiasi kile kile bado inatumika. Inayokosea kila siku kivyake ndiyo ya kuweka kando. Kasi za chini huongozwa na magurudumu madogo ya meno, kama ya saa, na mafuta ya zamani yakiganda humo, ndiyo huchelewa kwanza. Ile ya sekunde moja usiiguse tena hadi fundi saa aifungue.

Kwa sasa andika kwenye kipande cha karatasi kasi zako za kweli na ukibandike nyuma ya ubao wa lenzi: 1/60 yako ni 1/48, 1/30 yako ni 1/17, na 1/15 yako ni 1/9. Kwa mibuyu, toka mapema kabla upepo haujaanza, kwa sababu mivukuto iliyonyooshwa hupigwa na upepo kama tanga. Ukitumia filamu ya ISO 125 jua likiwa limeshapanda na anga ni safi, ungehitaji f/32 kwa 1/30. Kichujio cha njano, ambacho utakihitaji ili matawi makavu yajitenge na anga, kinapunguza mwanga kwa nusu, hivyo unataka 1/15. Weka f/32, weka shata kwenye 1/30 iliyoandikwa, na hiyo 1/17 yako itakupa karibu kile kile unachokitaka. Kwa muda wa zaidi ya sekunde moja, iweke kwenye B, ambapo shata hubaki wazi kwa muda wote unaobonyeza, na uhesabu kwa saa ya mkononi, ukitumia waya wa kufyatulia.

#12. Mchangiaji, Singida Mjini

Karatasi nimeshaibandika, na kaniki nimepewa na bibi yangu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa barabarani.